Vape chumbani na kifua cha mgonjwa

Mgonjwa wa pumu akiniambia kwamba kijana wake nyumbani "havuti sigara, ni vape tu", yaani sigara ya kielektroniki, huwa namuuliza: anavutia wapi? Mara nyingi jibu ni chumbani, madirisha yamefungwa na kiyoyozi kimewashwa. Hapo ndipo mimi, daktari wa kifua, hupata wasiwasi.

Wengi hapa Mombasa huamini kwamba kinachotoka ni mvuke wa maji kama wa birika. Sivyo. Kioevu cha vape ni propilini glaikoli na gliserini, pamoja na ladha za kemikali na, mara nyingi, nikotini. Kikipashwa moto hugeuka matone madogo mno, mengi chini ya mikroni 1 (sehemu ya elfu moja ya milimita), na sehemu yake huvunjika ikawa kemikali zinazowasha kama fomaldehaidi na akrolini. Anayevuta hubaki na sehemu kifuani, nyingine humtoka ikaingia kwa aliye karibu.

Sitaki kumtia mtu hofu ya bure. Vape iliyowekwa mezani haifuki kama sigara, na wingu lake hutawanyika upesi zaidi. Lakini kiasi ambacho mtu mzima wa afya hakihisi kinaweza kumtosha mgonjwa. Njia za hewa za mwenye pumu tayari zimevimba. Zikiguswa na kiwasho, misuli hukaza na makohozi huongezeka. Mzee ambaye mapafu yamechakazwa na sigara, au mama aliyepikia kuni miaka mingi, hana akiba ya pumzi. Na kuna kundi tunalolisahau sana: waliopona TB. Dawa wamemaliza, vijidudu vimekwisha, ila makovu yamebaki, na wengine hupata kikohozi na kubanwa kifua kwa jambo dogo tu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliangalia vijana wapatao 12,000 wenye pumu huko Florida, Marekani. Waliokuwa wakikaa karibu na wavutaji wa vape walikuwa na uwezekano wa asilimia 27 zaidi wa kueleza kwamba walishikwa na pumu katika mwaka uliotangulia, hata baada ya kuhesabiwa uvutaji wao wenyewe na moshi wa sigara za wengine. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi chanzo. Hata hivyo unaoana na yaliyoonekana Kanada kwa wafanyakazi wa maonyesho ya jukwaani: ukungu wa bandia wa glaikoli uliwaletea kikohozi na koo kavu.

Sasa kiyoyozi. Kile cha ukutani, kilichojaa katika nyumba za Nyali na Kizingo, hakileti hewa mpya. Huvuta hewa ile ile ya chumbani, huipoza na kuirudisha, na chujio lake limewekwa kwa ajili ya vumbi. Joto la Februari na Machi likitufungia ndani, mgonjwa huvuta kilekile kinachozunguka. Teksi iliyopandishwa vioo ni hivyo hivyo. Kwa mgonjwa ningechagua tuktuk.

Kwa hiyo naomba vape itoke nje kabisa, si dirishani wala msalani. Mgonjwa akianza kubanwa, mpelekeni penye hewa safi, akae wima, atumie pampu yake ya buluu, ile ya kufungua kifua haraka, kama alivyoelekezwa. Akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikibadilika rangi, au pampu isimsaidie, mkimbizeni hospitali.