Lita Zilizo Kwenye Ndoo na Lita Zinazorithiwa

Mfugaji wa Mwanza anayetafuta mtamba, awe amekwenda mnadani au katika shamba la kuzalisha mitamba la Mabuki wilayani Misungwi, huuliza kwanza mama yake anatoa lita ngapi. Swali hilo si baya, ila jibu lake halimwambii mnunuzi kile anachodhani limemwambia. Maziwa yaliyo kwenye ndoo ni matokeo ya mambo mawili yaliyochanganyika: vinasaba ambavyo ng'ombe alipewa na wazazi wake, na mazingira yanayomzunguka, yaani malisho, maji, mashudu ya pamba, josho, umri wake na hata utulivu wa mkamuaji. Ndama hupokea vinasaba tu. Mashudu aliyokula mama hayamfuati mtoto hadi kwenye zizi la mnunuzi.

Sisi tunaoshughulika na kosaafu, yaani aina na koo za mifugo, hupima sehemu hiyo ya vinasaba kwa kipimo kiitwacho kiwango cha kurithika, kinachoanzia sifuri hadi moja. Kwa wingi wa maziwa, kiwango hicho huwa karibu na 0.3, kwa asilimia ya mafuta ndani ya maziwa huwa karibu na 0.5, kwa uzito wa mwili mara nyingi huwa kati ya 0.3 na 0.4; lakini kwa uwezo wa kushika mimba huwa chini ya 0.1. Kwa hiyo, anayechagua majike kwa kigezo cha mafuta ya maziwa ataona tofauti kwa watoto wao mapema, ilhali anayesumbuliwa na ng'ombe waliopandishwa mara tatu au nne bila kushika mimba angeanza na malisho, madini, afya na namna anavyotambua kuwa jike yuko kwenye joto la kutaka dume, kabla ya kuulaumu ukoo.

Tuchukue hesabu moja. Zizi lina chotara ishirini wanaotunzwa kwa namna moja, na kwa wastani kila mmoja hutoa lita 1,800 katika msimu wa kukamuliwa wa siku 305. Mmoja wao hutoa lita 2,600. Amewazidi wenzake kwa lita 800, lakini kati ya hizo ni kama lita 240 tu tunazoweza kuzihesabu kuwa za vinasaba, yaani 800 mara 0.3, na kwa kuwa ndama huchukua nusu kwa mama na nusu kwa baba, mtamba wa ng'ombe huyo anatarajiwa kuwazidi wenzake kwa lita 120. Ukizigawa kwa siku 305 unapata karibu mililita 400 kwa siku, pungufu ya nusu lita. Mfugaji mmoja wa Usagara, ambaye nilimfanyia hesabu hii kwa kipande cha mkaa juu ya gunia la pumba za mpunga, aliitazama kwa muda kisha akasema, "Kumbe mimi niliuziwa mtamba kwa bei ya maziwa ya mama yake." Sikuwa na la kumrekebisha.

Nusu ya pili, ile ya baba, ndiyo inayopuuzwa zaidi, na kwa maoni yangu hapo ndipo hasara kubwa ya mazizi ya Usukuma ilipojificha. Jike akizaa vizuri humpa mfugaji ndama mmoja kwa mwaka, wakati dume mmoja huweza kuhudumia majike 25 hadi 30. Sasa tazama dume huyo hupatikana vipi. Katika madume wa rika moja, yule anayekua haraka ndiye anayepelekwa mnadani mapema kwa sababu anavuta bei, au huhasiwa awe maksai wa kuvuta jembe. Anayedumaa hubaki nyumbani kwa kukosa mnunuzi, na mwaka unaofuata ndiye anayepanda kundi zima. Hakuna aliyemchagua, alibaki tu. Kwa kuwa kasi ya kukua ni sifa inayorithika kwa kiwango cha kutosha, zizi linaloendeshwa hivi kwa miaka mingi huwa linachagua udumavu bila mwenyewe kujua.

Tiba yake haihitaji maabara. Madume waliozaliwa msimu mmoja hupimwa wakifikisha umri wa mwaka mmoja kwa utepe wa kukadiria uzito, unaozungushwa kifuani nyuma ya miguu ya mbele, mnyama akiwa amesimama mahali tambarare na kichwa kimeinuka kama kawaida, ikiwezekana asubuhi kabla hajanywa maji. Wanaolinganishwa wawe wa rika moja na wamelishwa pamoja, kwa sababu ndama wa masika na ndama wa kiangazi hawakupewa nafasi sawa. Anayeongoza abaki, wengine wahasiwe au wauzwe.

Kuhusu chotara, kuna jambo linalowakatisha tamaa wengi. Ng'ombe wetu wa asili mwenye nundu, yaani zebu, akipandishwa kwa mbegu ya Friesian, ng'ombe wa maziwa wa Ulaya, kizazi cha kwanza huwa na maziwa zaidi ya mama na uvumilivu zaidi ya baba, kwa kuwa katika kila jozi ya vinasaba upande mmoja umetoka kwa zebu na mwingine kwa Friesian. Hiyo ndiyo nguvu ya uchotara. Mfugaji hufurahi, hubakiza dume chotara, humpandisha kwa majike chotara, halafu hushangaa kuona kizazi cha pili kinayumba: mmoja mzuri, mwingine anazidiwa na ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, mwingine hana maziwa. Hakurogwa. Katika kizazi hicho ni nusu tu ya zile jozi zilizobaki na mchanganyiko, hivyo nusu ya nguvu ile imepotea. Ng'ombe aina ya Mpwapwa, aliyeendelezwa mkoani Dodoma kwa kuchanganya zebu wa Asia na wa Afrika pamoja na damu kidogo ya Ulaya, alikusudiwa kuwa jibu kwa tatizo hili, ili mfugaji apate ng'ombe wa kuzalishana wenyewe kwa wenyewe bila kutafuta damu mpya kila mara.

Visiwani, kama Ukerewe, ambako kumsafirisha dume kwa kivuko ni kazi, hatari nyingine ni baba kuwapanda binti zake. Ndama wa namna hiyo ana asilimia 25 ya uwezekano wa kupokea nakala mbili za kinasaba kilekile kutoka kwa dume huyo mmoja, aliye baba yake na pia babu yake, na kasoro zilizokuwa zimefichika hujitokeza. Dume asikae katika zizi moja zaidi ya miaka mitatu. Wafugaji wawili wanaweza kubadilishana, mradi madume wote wamepimwa ugonjwa wa kutupa mimba.

Anayetumia uhimilishaji, yaani jike kupandikizwa mbegu za dume kwa mrija, hupata dume aliyepimwa kwa mazao ya binti zake, lakini aulize binti hao walipimwa wapi. Dume aliyeongoza orodha katika nchi za baridi, ambako ng'ombe hulishwa nafaka bandani, si lazima aongoze kwenye joto la Magu na kupe wake. Ndiyo maana kumbukumbu za wafugaji wadogo wa hapa nchini, kama zilizokusanywa na ADGG, mradi wa kuboresha vinasaba vya ng'ombe wa maziwa barani Afrika, zina thamani kubwa kuliko ukubwa wa daftari zilimoandikwa.

Mbegu kutoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji cha Usa River, Arusha, huhifadhiwa katika kimiminika cha naitrojeni chenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ndani ya mrija mwembamba uliochapwa jina au namba ya dume. Mhimilishaji akimaliza kazi, mwombe mrija huo kabla hajautupa, unakili maandishi yake pamoja na tarehe na jina la ng'ombe, kisha uhesabu siku 280 mbele na uiandike pia tarehe hiyo, ndiyo ya kutarajia kuzaa.