Eti dizaini ya kumjali mtumiaji ni ya wanaojua kuchora

Dhana hii ndo inawakimbiza wengi kabla hata hawajajaribu kazi ya kutengeneza vitu vimfae anayevitumia, na si kweli. Alphonse Chapanis alikuwa mwanasaikolojia tu, akafanya kazi na jeshi la anga la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ambapo marubani wa ndege za mabomu za B-17 walikuwa wanatua vizuri kabisa halafu wakiwa tayari chini wanakunja magurudumu, ndege inalalia tumbo. Ilionekana ni uzembe wa rubani. Kumbe swichi ya magurudumu na ya flapu (vibao vya kwenye mabawa vinavyosaidia kutua) zimekaa jirani na zinafanana, sasa mtu kachoka, anataka kurudisha flapu, mkono unaangukia ile nyingine. Dawa ikawa kuvipa vishikio maumbo tofauti, kimoja cha mviringo kama gurudumu, kingine kama kabari, ukipapasa tu unajua umeshika ipi. Hapo mchoro uko wapi?

Halafu kuna wanaosubiri mapenzi ya kazi hii yawashukie ghafla. Wapi! Kwa wengi inaanza na kero. Unajaza fomu mtandaoni, inakataa namba ya simu kisa umeacha nafasi katikati, na inafuta kila ulichoandika. Mwingine anatukana anafunga, wewe unabaki unajiuliza aliyeitengeneza hii alikuwa anamfikiria nani, na kesho yake bado unajiuliza. Basi ushaingia hivyo.

Nyingine, eti kumjali mtumiaji ni kumuuliza anataka nini. Muulize, sawa, ila anachosema na anachofanya mara nyingi haviendani, kwa hiyo mpe kazi aifanye kwa hicho ulichotengeneza, kaa pembeni, nyamaza. Kunyamaza ndo kugumu jamani, unaona kidole kinazunguka juu ya kioo kinatafuta kitufe ambacho kwako kiko wazi kabisa, ulimi unawasha useme "hapo juu", na ukisema tu jaribio limekufa.

Wala huhitaji umati. Mwaka 2000 Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima kama kitu ni rahisi kutumia, aliandika kwamba kujaribu na watu 5 kunatosha kufichua matatizo mengi, unarekebisha, unaita wengine 5. Wapo wanaombishia, na hata yeye alisema kama watumiaji wako ni makundi tofauti kabisa, tuseme watoto na wazazi, kila kundi lipate watu wake. Ila kwa anayeanza, hao 5 utawapata tu.