Kwa nini tanzanite hutoka ardhini ikiwa ya kahawia

Tanzanite nyingi ya Mererani, wilayani Simanjiro, hutoka mgodini ikiwa na rangi ya kahawia. Ubluu wa dukani huja baada ya kuchomwa. Jiwe halipakwi wala kuongezwa chochote. Kinachobadilika ni mwanga linaoumeza.

Mwanga mweupe umebeba rangi zote za upinde wa mvua. Jiwe likimeza baadhi, macho yetu hupata zilizobaki. Zoisaiti, madini yenyewe ya tanzanite, ikiwa safi haina rangi. Kazi hufanywa na vanadiamu, aina ya metali, kidogo sana iliyokaa mahali pa alumini ndani ya zoisaiti: elektroni zake humeza manjano na chungwa, karibu na nanomita 595 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), na kuacha bluu na urujuani vipite. Jiwe lisilochomwa humeza pia mwanga wa karibu na nanomita 450, yaani bluu yenyewe, ndiyo maana likawa kahawia. Joto huondoa umezaji huo wa pili.

Elementi peke yake haiamui rangi. Majirani zake wana nguvu kubwa. Kromiamu hufanya yakuti iwe nyekundu, na hiyohiyo hufanya zumaridi iwe kijani, kwa sababu atomi zinazoizunguka huibana kwa nguvu tofauti. Mrututu, yaani kopa salfeti, nao ni bluu kwa sababu shaba yake imezungukwa na maji. Upashe moto maji yatoke, utabaki unga mweupe. Udondoshee tone la maji, ubluu unarudi palepale.

Kwa wachomaji, hatari ni haraka. Kata kwanza sehemu zenye nyufa na uchafu, maana vimiminika vilivyonaswa ndani hutanuka na kupasua jiwe. Lifukie kwenye unga wa jasi ndani ya tanuru, pandisha joto polepole hadi nyuzi 600 za Selsiasi hivi, liache kama nusu saa, kisha lipoe humohumo tanuru likiwa limefungwa. Ukilitoa likingali moto, hewa baridi italipasua, na ufa hauzibiki tena.

Mnunuzi naye aligeuze jiwe taratibu kwenye mwanga. Tanzanite iliyochomwa huonyesha bluu upande mmoja na urujuani upande mwingine. Isiyochomwa huwa na rangi ya tatu, ya kahawia au kijani. Kioo cha bluu hubaki na rangi ileile kila upande. Lakini zipo bandia nyingine zinazobadilika rangi pia, kwa hiyo jiwe la bei kubwa lipelekwe maabara ya vito kabla ya kulipia.