Risiti imeandikwa "Matibabu" tu? Rudi dirishani

Kazi yangu ni kuhakiki madai ya watu waliolipia matibabu kutoka mfukoni na wanasubiri kurudishiwa na bima au mwajiri. Hapa ofisini kwetu Posta, Dar es Salaam, madai mengi ninayoyarudisha hayana ujanja wowote. Mtu kaumwa kweli, kalipa kweli, risiti ni halali ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Ila ina mstari mmoja: "Matibabu, 185,000".

Mstari huo haunisaidii. Mkataba wa bima umegawa fedha kwa mafungu: kumwona daktari, vipimo, dawa, meno, miwani, kulazwa. Kila fungu lina ukomo wake, na vitu vingine havilipwi kabisa. Nitajuaje kama hiyo 185,000 ni ultrasaundi na antibiotiki, au ni kung'arisha meno na vitamini? Nikikisia, mkaguzi ananibana mimi.

Risiti ya EFD inathibitisha kwamba pesa imelipwa na nani kaipokea. Ina TIN ya hospitali, yaani namba yake ya mlipakodi, na chini kuna msimbo ninaouhakiki kwenye tovuti ya TRA, mamlaka ya mapato. Kilichobaki ni mchanganuo: karatasi inayotaja kila huduma na bei yake, jina la mgonjwa, tarehe, ugonjwa uliobainika, sahihi na muhuri. Mara nyingi mchanganuo huo umo tayari kwenye kompyuta ya hospitali, hupewi kwa sababu hujauomba. Mwambie keshia: "Dada, naomba unichapie na mchanganuo, napeleka bima." Akikujibu kwamba mashine ndivyo inavyotoa, anazungumzia mashine ya EFD, wewe unataka karatasi ya mfumo wao. Akiendelea kukuzungusha, ulizia dirisha la bima. Wale wa pale wanajua tunachotaka.

Kinachonichosha kuliko vyote ni majina. Kadi ya bima ina majina matatu, risiti imeandikwa "Mama Zai". Keshia wa zahanati ya mtaani anakufahamu hivyo, simlaumu, ila mimi huyo Mama Zai nitamtambua vipi? Taja jina kamili kabla hajabonyeza. Ukiliongeza mwenyewe kwa kalamu baadaye, umeitia doa risiti iliyokuwa safi. Kwa kichanga kilichoandikwa kwa jina la mama, ambatanisha tangazo la kizazi.

Amana, Mwananyamala, Temeke na hospitali nyingine za serikali hutoa namba ya malipo, ile ndefu ya tarakimu 12, unalipa kwa simu au benki. Wengi wakishapata ujumbe wa M-Pesa wanaondoka. Ujumbe ule unaonyesha umemlipa nani, hausemi umetibiwa nini. Rudi uchapiwe stakabadhi ya serikali pamoja na orodha ya huduma. Haifanani na risiti ya EFD, na wala siikatai kwa sababu hiyo.

Dawa unaweza kununua Kariakoo kwa bei ya chini, hakuna shida. Kipige picha cheti cha dawa cha daktari kabla hujakikabidhi famasi, maana wengine hubaki nacho. Daktari akiandika parasetamo na risiti ikasema Panadol, naelewa. Risiti ikisema "dawa mbalimbali", sielewi.

Halafu hii karatasi yenyewe ya risiti ya EFD. Maandishi yake hutokea kwa joto, kwa hiyo joto ndilo linaloiharibu. Nimewahi kuletewa risiti iliyotiwa laminesheni ili isichakae: nyeusi yote, hata tarehe haionekani, na mwenyewe kailipia hiyo laminesheni. Usiiache kwenye dashibodi ya gari na jua hili la Dar. Ipige picha na uitoe kopi siku hiyo hiyo, ya asili itie kwenye bahasha. Kama imeshafifia, nenda nayo hospitali na tarehe uliyotibiwa, uombe nakala kutoka kwenye mfumo wao yenye muhuri na sahihi ya mhasibu. Nakala ya namna hiyo huwa naipokea, mradi muda wa kudai uliotajwa kwenye mkataba wako haujapita.