Skuta za umeme hapa Tanga: bibi aliuliza nani anapita kwa nani

Wiki mbili zilizopita tulikuwa kwenye kikao cha mtaa kule Ngamiani, ajenda ilikuwa mitaro maana masika inakuja na mitaro imejaa mchanga, sasa hata mwenyekiti hajamaliza kusoma ajenda bibi mmoja kanyoosha mkono akasema mi nina swali kwa huyo mwalimu wa barabarani. Mwalimu mwenyewe ndo mimi, nafundisha usalama barabarani chuoni hapa mjini huu mwaka wa 14. Akaniuliza hivi: "Mwanangu, hivi vidude vya umeme wanavyosimamia hawa watoto, vinapita kwangu au mi ndo napita kwao? Maana nikishuka kibarazani asubuhi sijui nitazame wapi."

Basi mitaro ikaishia hapo. Kila mtu ana lake, mama wa vitumbua kapigwa kumbo ndoo ya unga ikamwagika, baba mmoja kasema mwanawe wa darasa la 3 kakoswa koswa mlangoni kwao, kijana nyuma kajitetea kwamba wazee hawapendi maendeleo, mzee mwingine akasema vipigwe marufuku vyote leo hii. Nikamjibu bibi, shikamoo bibi, wao ndo wanapita kwako, njia ya miguu ni yako. Lakini jibu la sentensi moja halitoshi, na nilivyoona hasira za watu siku ile nikasema hili niliandike vizuri watu wasome.

Kwanza tusichanganye mambo. Watu wanasema skuta za umeme wanaingiza humo kila kitu kisicho na sauti. Kuna pikipiki ya umeme, ile ni pikipiki kama zingine tu, ina siti ina namba, dereva wake anatakiwa awe na leseni na avae kofia ngumu, kukosa mlio hakumpi ruhusa ya kupita kibarazani. Kuna baiskeli ya umeme, pedali zipo ila mota inakusaidia. Halafu kuna hii skuta yenyewe ya kusimama, ubao na usukani na vigurudumu viwili vidogo, unaikunja unaingia nayo ofisini. Hii ya mwisho ndo nataka kuizungumzia zaidi, kwasababu bado hapa kwetu ni chache na kitu kikiwa kichache ndo wakati wa kukiwekea utaratibu.

Sasa kuna swali nimeulizwa sana, kwamba Tanga ni mji wa baiskeli, mji tambarare, watu wanaenda sokoni Mgandini na baiskeli, wanaenda kazini na baiskeli, wanabebana na baiskeli, tumeishi nazo miaka yote mbona hazijatukera hivi? Ni swali zuri. Baiskeli spidi yake unailipia kwa jasho. Mtu akiwa kwenye watu wengi hapigi pedali kwa nguvu maana anajua atafunga breki mbele kidogo na ile nguvu yote imepotea, kwahiyo mwili wake wenyewe unamwambia apunguze. Skuta unabonyeza kwa kidole gumba, haikuchoshi, ukifunga breki ukaondoka tena hujapoteza kitu, basi kijana anabonyeza mpaka mwisho kutoka alipo mpaka anapokwenda. Si kwamba watoto wa siku hizi wana roho mbaya, chombo chenyewe hakimpi sababu ya kupunguza, sababu inabidi aitoe kichwani mwake.

Na spidi yenyewe watu wanaidharau. Skuta nyingi zinatengenezwa ziishie kilomita 25 kwa saa, ukisikia 25 unaona ndogo maana gari mjini linaruhusiwa 50. Sasa hebu tuipime kwa kitu tunachokijua. Mtu akigonga ukuta akiwa kwenye 25 ni sawa na mtu aliyeanguka kutoka juu kama mita 2 na nusu hivi, yaani juu ya mlango wa nyumba, apande juu ya fremu ya mlango halafu ajiachie. Kwenye 12 ni kama kuanguka kutoka juu ya kiti, nusu mita na ushee. Umeona hapo, spidi imeongezeka mara mbili lakini kimo kimeongezeka mara 4, ndivyo nguvu ya mwendo inavyohesabika. Sasa kuna vijana wanachezea programu ya skuta ili ipite ile 25, na zingine zinauzwa zikiwa tayari zinafika 45. Ukiwa kwenye 45 umepanda mita 8, huo ni mnazi. Wakwezi wetu wanajua mtu akidondoka juu ya mnazi inakuwaje, sina haja ya kueleza. Na mkwezi angalau kapanda kwa hiari yake peke yake, huyu wa skuta akimgonga bibi anamgawia sehemu ya anguko lake bibi ambae hakupanda mnazi wowote.

Halafu kwenye 25 unakula mita 7 kila sekunde. Mtu wa kawaida akiona kitu mpaka mkono uanze kubana breki sekunde moja imeshapita, kwahiyo mita 7 zimeenda skuta haijaanza hata kupungua. Nyumba zetu za Barabara za namba, ile mitaa ya Ngamiani inayoitwa kwa namba, milango yake inafungukia barazani, baraza inashuka moja kwa moja njiani. Mtoto akitoka mbio ndani kuwahi duka la jirani anatokea mbele yako mita 2 au 3. Hapo hata uwe dereva hodari namna gani, hata breki zako mpya, hesabu imekataa.

Kelele nayo. Wengi tunavuka barabara kwa masikio bila kujua, unasikia bodaboda inakuja nyuma unajisogeza, unasikia mnyororo wa baiskeli, kengele, yule muuza mkaa na mluzi wake. Skuta inakuja kimya, ukiisikia ishafika. Hata magari ya umeme limekuwa tatizo hili, kule Ulaya tangu Julai 2019 aina mpya za magari ya umeme zinalazimika kutoa sauti zikiwa kwenye mwendo mdogo ili watu wajue linakuja. Skuta haimo kwenye hilo. Mfikirie mtu asiyeona anayetembea na fimbo yake nyeupe, yeye masikio ndo macho, na njia ya miguu ndo sehemu pekee mjini ambapo alikuwa na uhakika. Hili mimi linaniuma kuliko yote, kwasababu sisi wenye macho tunakereka tu, yeye ananyang'anywa mji. Anaacha kutoka.

Kwa upande wa anayepanda nako kuna hatari hajaambiwa na muuzaji. Gurudumu la baiskeli ya kawaida lina upana wa sentimita 65 mpaka 70 hivi kutoka ukingo hadi ukingo, la skuta ni 20 hadi 25. Shimo ambalo baiskeli inaruka tu unasikia tako limepigwa, skuta inaingia inasimama hapo hapo, wewe husimami, unaendelea mbele. Na kwasababu umesimama wima uzito wako wote uko juu, unaangukia mikono na uso. Mpwa wangu mwaka jana kavunjika kifundo cha mkono namna hiyo hiyo, hakugongwa na mtu, mchanga tu uliobebwa na mvua ukakaa juu ya lami kwenye kona, akakata kona kama alivyozoea. Alikuwa na helmeti nyumbani, imening'inizwa mlangoni. Kichwa kilipona kwa bahati, alikaa wiki 6 na plasta na mtihani akaandikiwa na mwenzie.

Sasa nisiwe muongo, vijana nao wana hoja. Niliwauliza pale pale kikaoni, kwanini mnapanda njia ya miguu? Mmoja akanijibu mwalimu, kule barabarani daladala inatanua, bajaji inachomekea, lori linapita unahisi upepo wake unakuvuta, wewe ungepita wapi? Sikuwa na jibu la haraka. Ni kweli anakimbia kuuawa na mkubwa wake. Ila anapokimbilia anaenda kuwa yeye ndo lori kwa bibi, na bibi hana pa kukimbilia tena, nyuma yake kuna ukuta. Na njia zenyewe za miguu tumezijaza wenyewe, mwenye fremu ya duka katoa friji nje, fundi kaegesha pikipiki 4 za wateja, kuna rundo la kokoto la mtu anayejenga toka mwaka juzi, mtembea kwa miguu kabakiwa na upana wa mabega. Kwahiyo ukiona watu wanagombana na skuta jua ugomvi ulianza zamani, skuta imekuja kukuta nafasi imeshaliwa.

Wenzetu wameshapitia haya, na tukiwaangalia tutaona gharama ya kuchelewa. Paris kule Ufaransa skuta za kukodi ziliingia 2018, kampuni kibao, zikamwagwa mitaani unaikodi kwa simu ukimaliza unaibwaga popote, mlangoni kwa watu, kwenye kivuko, mtu wa kiti cha magurudumu hawezi kupita. Mwaka 2021 mwanamke mmoja aliyekuwa anatembea kando ya mto Seine aligongwa na skuta iliyobeba watu wawili akafariki. Jiji lilikuwa limeshapunguza kampuni zikabaki 3 mwaka 2020 na kuweka sehemu za kuegesha, baada ya kifo kile likapunguza na spidi, lakini hasira ilishajaa. Aprili 2023 wakapiga kura, waliojitokeza hawakufika hata asilimia 8 ya waliojiandikisha, ila katika hao karibu asilimia 89 walisema ziondoke, na Septemba mwaka huo skuta za kukodi zikawa hazipo. Za watu binafsi zilibaki. Mi nikisoma hilo naona kwamba waliopanda vizuri nao walipoteza kwa makosa ya wenzao.

Singapore ni habari nyingine na ndo inayonigusa zaidi kwasababu ya ajira. Wao kwa muda waliruhusu skuta kwenye njia za miguu, Septemba 2019 mama wa miaka 65 akiwa kwenye baiskeli aligongwa na skuta akafa, na tarehe 5 Novemba mwaka ule ule serikali ikapiga marufuku skuta kwenye njia zote za miguu. Vijana wa kupeleka chakula waliokuwa wanaitegemea wakaamka asubuhi kazi imebadilika, serikali ikabidi itenge pesa kuwasaidia wapate baiskeli. Sitaki kuona hivyo kwa vijana wa Tanga. Kama kuna kijana anafikiria kununua skuta apelekee watu mizigo na chipsi, namuunga mkono kabisa, haitumii mafuta na haitoi moshi, ila ajue mapema barabara yake ni ipi.

Ujerumani walianza na sheria kwanza, Juni 2019: spidi 20, lazima bima yenye kibandiko nyuma, miaka kuanzia 14, njia ya miguu marufuku. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, imerekebishwa hapa na pale, lakini ilipoandikwa hakuna aliyekuwa anawaza ubao wenye betri unaokunjwa. Wakubwa wenye kazi hiyo natumaini watatuandikia kifungu kinachoeleweka. Tusikae tunasubiri lakini. Msimamo wangu, na ndo nawafundisha wanafunzi wangu, ni kwamba skuta inapita barabarani kushoto kabisa sawa na baiskeli, kwenye mitaa ya ndani ambako magari ni machache, na ukilazimika kukatiza penye watembea kwa miguu unashuka unaikokota. Kushuka hakumuui mtu. Kupakizana hapana. Mtoto wa miaka 9 hapana, na hapa nazungumza na wazazi, hasa mnaoletewa zawadi na ndugu walio nje, ile si midoli, mpe baiskeli. Usiku taa mbele na nyuma, maana nguo nyeusi na chombo kisicho na mlio huko Raskazone saa 2 usiku huonekani kabisa.

Betri nitagusia kidogo tu. Ni litiamu kama ya simu yako ila kubwa mara nyingi zaidi, ikiharibika ndani ikaanza kuchemka inajichochea yenyewe na moshi wake ni sumu. Chaja iwe yake ile ile, usiichaji umelala, na usiichaji kwenye korido au mlangoni, kwasababu ikiwaka hapo imefunga njia ya kutokea. Iliyoloa mafuriko au iliyoanguka ikavimba usiiguse tena.

Na wenye fremu, wajenzi, mafundi, nawaomba sana mtoe vitu njiani. Mita moja na nusu tu iwe wazi, bibi apite na mwenzie bega kwa bega.

Jumamosi hii saa 2 asubuhi tutakuwa uwanjani chuoni na tepu na chokaa. Mwenye skuta au baiskeli ya umeme aje nayo, ni bure. Tunachora mstari, unakuja na spidi 20, ukifika kwenye mstari unabana breki tunapima umesimama wapi. Breki nzima inasimama ndani ya mita 4 hadi 5 kwenye lami kavu, ikizidi 6 fundi wetu ataiangalia hapo hapo kabla hujaondoka. Bibi wa kibarazani nimemualika, kasema atakuja na kiti chake, akae upande wa mwisho wa mstari aone mwenyewe zinasimama wapi.