Divai ya misa si lazima iwe nyekundu

Kila darasa la kipaimara linapoanza hapa Bagamoyo, swali ni lile lile. Wachumba wanaojiandaa kwa ndoa huuliza hivyo hivyo: "Mwalimu, kama divai ni damu ya Yesu, mbona padri ametia nyeupe?" Safari hii ameniuliza mzee wa jumuiya, mtu anayepokea Komunyo tangu utotoni, tena kwa sauti ya kulaumu. Mlangoni mwa kanisa hapana nafasi ya kulijibu vizuri, kwa hiyo nalijibu hapa.

Dhana: Divai lazima iwe nyekundu kwa kuwa ni damu

Si kweli. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 924, inataka divai iwe ya asili, itokane na zabibu, na isiwe imeharibika. Rangi haikutajwa. Wengi hutumia nyeupe kwa sababu ya kawaida kabisa: nyekundu huacha madoa kwenye vitambaa vya altare. Waorthodoksi hushika nyekundu, na desturi yao naiheshimu, ila haifanyi nyeupe kuwa batili.

Wanaong'ang'ania rangi huwa nawauliza: je, hostia, mkate ule wa Komunyo, inafanana na nyama? Ni nyeupe, nyembamba, kavu, na hajanijia hata mmoja kulalamika kwamba haina sura ya mwili. Kwa nini basi kalisi, kikombe cha misa, tuidai mfanano ambao mkate hatuudai?

Nakubali kwamba kuihusisha divai na damu ni jambo la kale. Yakobo anapombariki Yuda anataja "damu ya zabibu" (Mwanzo 49:11). Isaya 63 inaonyesha mtu aliyetoka kukanyaga shinikizo la zabibu, mavazi yake yameingia wekundu. Lakini someni sura hiyo taratibu: uzito wake uko kwenye kukanyaga. Zabibu haiwi divai mpaka ipondwe, kama vile nazi isivyotoa tui ikiwa nzima. Anayeitazama divai akaona rangi tu, mateso yaliyomo ndani yake yamempita.

Halafu kuna agano. Musa aliwanyunyizia watu damu chini ya mlima Sinai (Kutoka 24:8), na Yesu, akiwa mezani usiku wa Pasaka, akayachukua maneno yale yale ya damu ya agano akayaweka juu ya kikombe. Watu waliokuwa mezani walikuwa Wayahudi. Waliisikia Sinai mara moja. Kuna furaha pia, maana Zaburi 104 inaisifu divai kwa kuufurahisha moyo, na kule Kana, harusini, mabalasi sita ya mawe yalijaa divai. Kuna ushirika: "Kikombe kile cha baraka tukibarikicho, je! si ushirika wa damu ya Kristo?" (1 Wakorintho 10:16). Na kuna ahadi, kwa sababu Yesu alisema hatakunywa tena uzao wa mzabibu mpaka atakapounywa mpya katika ufalme wa Baba yake. Yote hayo yamo ndani ya kalisi moja, nasi tunagombania rangi!

Kinachonikera zaidi ni mahali dhana hii inapoishia. Mtu akishaamini kwamba maana yote ni wekundu, hatua inayofuata ni kusema juisi ya rozela inatosha. Mwingine anakuja na hoja ya utamaduni: pwani hatuna mizabibu, tuna minazi, basi tutumie tembo la mnazi. Hoja hiyo naisikiliza kwa heshima, lakini jibu ni hapana. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868 walikuta minazi, na tembo hawakulitia kwenye kalisi. Ekaristi imefungamana na usiku mmoja, meza moja na zao moja. Maelekezo ya Roma ya mwaka 2004 yamerudia waziwazi kwamba hakuna kisingizio kinachohalalisha kinywaji kingine. Na siku hizi zabibu zinalimwa Dodoma, hatuna haja ya kusema ni tunda la ugenini.

Dhana: Ikishageuzwa haina kilevi tena

Divai ikigeuzwa kuwa damu ya Kristo katika misa, maumbo yake ya nje hubaki: ladha, harufu, na kilevi chake. Kanisa halijafundisha vinginevyo. Ndiyo maana padri mwenye tatizo la pombe anaweza kupewa ruhusa ya kutumia mustumu, yaani maji ya zabibu ambayo uchachu wake umesimamishwa mapema. Na jirani zangu Waislamu wanaouliza kama tunalewa kanisani, nawaambia Paulo aliwakemea vikali Wakorintho waliofanya hivyo.

Dhana: Aliyepokea hostia tu amepokea nusu

Hapana. Kristo mzima yumo katika kila umbo, la mkate na la divai. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulilisema hilo mwaka 1562. Kupokea maumbo yote mawili kunaikamilisha ishara, na Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulifungua tena mlango huo mwaka 1963. Walutheri na Waanglikana huwapa waumini kikombe, nao wana sababu zao za Maandiko.

Dhana: Maji hutiwa ili divai isiishe haraka

Ni matone tu, yataongeza nini? Siprian, askofu wa Karthago, Mwafrika wa karne ya 3, alieleza kwamba divai ni Kristo na maji ni watu wake: vikishachanganyika havitenganishwi. Padri husali sala fupi kwa sauti ya chini anapoyatia. Acheni kuhesabu sadaka wakati huo, mtazameni.

Dhana: Divai ya sakristia ni dawa

Huja akina mama na vichupa hadi sakristia, chumba cha vifaa vya misa, wakinitajia Msamaria mwema aliyetia mafuta na divai kwenye jeraha (Luka 10:34). Divai iliyo kwenye chupa haijageuzwa, ni divai tu. Iliyogeuzwa hunywewa yote hapo hapo, ni marufuku kuimwaga. Mama, mgonjwa wako akizidiwa, mpeleke hospitali, na umwite padri aje kumpa mpako mtakatifu. Mpako huo ni wa mafuta, kama Yakobo 5:14 inavyosema, na padri atakuja hata usiku.