Bangi iliyokolezwa: maelezo kwa familia zetu za Colorado

Mwezi uliopita, saa mbili usiku, tulipokea simu ya mama mmoja wa Aurora. Mwanawe wa miaka mitatu alikuwa amelala tangu alasiri, na kila akimwinua analegea mikononi kama khanga iliyolowa. Alikuwa amekwisha kumpa maziwa na kumnawisha uso kwa maji baridi, na jirani alikuwa njiani na limau. Dada mtu ndiye aliyeinama chini ya kochi akaibuka na mfuko mtupu wa peremende laini. Juu ya mfuko palikuwa na alama ya almasi yenye herufi THC, yaani kemikali ya bangi inayolewesha, na alama ya mshangao. Tulimwambia apige namba ya dharura, 911, papo hapo. Mtoto alirudi nyumbani mzima baada ya siku mbili.

Mimi ni mfamasia katika kituo cha ushauri wa sumu. Simu za namna hii kutoka nyumba zinazozungumza Kiswahili zimeongezeka mezani kwetu, na wanaopiga huanza na maneno yaleyale: "Lakini ni bangi tu, hiyo tunaijua tangu nyumbani." Ndugu zangu, hii hamuijui. Bangi iliyokuwa ikikamatwa hapa Marekani mwaka 1995 ilikuwa na THC ya takriban asilimia 4. Kufikia 2021 ilikuwa karibu asilimia 15. Hayo ni maua na majani. Bangi iliyokolezwa, yaani THC iliyotolewa kwenye mmea na kukusanywa peke yake, huwa na asilimia 60 hadi 90.

Chukua punje moja ya mchele uiweke kiganjani. Ina uzito wa miligramu 25 hivi. Donge la uzito huo lenye THC asilimia 80 limebeba miligramu 20, wakati sheria ya Colorado inahesabu dozi moja ya kula kuwa miligramu 10. Gramu moja ya donge hilo ni miligramu 800, sawa na THC ya misokoto kumi ya nusu gramu ya ua la asilimia 16. Mwili hauchukui kwa namna moja kinachovutwa na kinacholiwa, lakini hesabu hiyo ndiyo ya kuanza nayo. Ukubwa wa kitu hausemi lolote.

Wala jina halisemi. Dukani utasikia shata, waksi, bada, rozini, distileti. Shata inang'aa na kuvunjika kama kioo, waksi inafanana na nta, bada inapakika kama siagi. Majina hayo yanaeleza umbo au namna ya kutengenezwa, si nguvu. Watu huniuliza ipi kati ya hizo ni "laini", na jibu langu ni kwamba usome asilimia kwenye kibandiko. Hashishi na rozini hutengenezwa kwa kuchekecha, kubana au kupasha joto bila kemikali. Shata na waksi kwa kawaida hutolewa kwa gesi ya butani au propani, ambayo lazima iondolewe baadaye. Distileti ndiyo inayoingia kwenye vichupa vya sigara za betri na kwenye peremende nyingi. Kuna pia mafuta meusi mazito yanayouzwa kwa wagonjwa kama tiba ya saratani. Hakuna uthibitisho kwamba yanaponya saratani, na mgonjwa asiache dawa za daktari kwa sababu yake.

Bidhaa za duka lenye leseni hupimwa mabaki ya kemikali na viuatilifu. Za mtaani hazipimwi. Mwaka 2019 watu walianza kulazwa kote Marekani wakiwa na mapafu yaliyoharibika ghafla. Hadi tarehe 18 Februari 2020 walihesabiwa 2,807, na 68 walikuwa wamefariki. Wengi walikuwa wamevuta vichupa vya THC vilivyopatikana kwa rafiki, kwa mtu wa mtaani au mtandaoni. Walipopimwa majimaji ya mapafu ya wagonjwa 51, asetati ya vitamini E ilikutwa kwa 48. Ni mafuta yaliyotumika kuongezea ujazo. Ukiyala ni jambo jingine. Ukiyavuta yanaingia kwenye pafu.

Kuhusu vya kula, tatizo ni subira. Dalili huanza baada ya nusu saa hadi saa mbili, na zinaweza kudumu hadi saa 12. Machi 2014, miezi miwili na kidogo tu baada ya maduka ya bangi kufunguliwa, mwanafunzi wa miaka 19 aliyetoka Kongo alikula hapa Denver kipande kimoja cha biskuti yenye miligramu 65. Muuzaji ndiye aliyeelekeza kipande kimoja. Baada ya dakika 30 hadi 60 hakuhisi kitu, akala iliyobaki. Alianza kusema maneno yasiyoeleweka, akawa mkali, na saa mbili na nusu baadaye akaruka kutoka roshani ya ghorofa ya nne. Alikuwa kijana wetu.

Watu wazima nao wana magonjwa yanayopewa majina mengine. Kutapika kusikokoma kwa mtu anayevuta kila siku, huku akipata nafuu anapooga maji ya moto, hudhaniwa malaria au vidonda vya tumbo. Mwambieni daktari kuhusu bangi, maana kinachomaliza tatizo hilo ni kuacha. Kijana anayesikia sauti na kuamini anafuatwa hupelekwa kwenye maombi wiki nzima. Ombeni, lakini mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Utafiti uliochapishwa 2019 uligundua kwamba wanaotumia kila siku bangi yenye THC kuanzia asilimia 10 wanakaribia mara tano ya uwezekano wa kupata ugonjwa huo kuliko wasiotumia kabisa.

Sasa sheria, maana hapa ndipo maswali ni mengi na majibu ya mtaani ni mabaya. Colorado inaruhusu kununua ukiwa na miaka 21, na tangu 2022 mnunuzi wa kawaida hauziwi zaidi ya gramu 8 za bangi iliyokolezwa kwa siku. Kuikamua nyumbani kwa butani ni kosa tangu 2015, la daraja la pili la makosa makubwa ya dawa za kulevya: kifungo cha miaka 4 hadi 8 na faini ya dola 3,000 hadi 750,000. Mwaka 2014 pekee jimbo lilikuwa na milipuko 32 ya namna hiyo. Butani ni nzito kuliko hewa. Inalala sakafuni, inatambaa hadi kwenye moto wa kuchemshia maji, na dirisha lililo wazi halitoshi kuiondoa.

Ruhusa ya jimbo haifiki kwenye sheria ya shirikisho. Mwongozo wa USCIS, idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, wa tarehe 19 Aprili 2019 unasema kosa la bangi laweza kuzuia uraia hata kama jimbo linairuhusu, na kukiri tu kwaweza kutosha bila hukumu ya mahakama. Kufanya kazi kwenye kampuni ya bangi nako kumo. Usidanganye kwenye fomu, na usiijaze kabla ya kuonana na wakili wa uhamiaji. Mimi si wakili. Kutuma kwa posta kwa shemeji aliye jimbo jingine ni kosa la shirikisho, hata peremende moja. Madereva wa malori: kipimo cha Idara ya Uchukuzi hakikubali utetezi wa "Colorado inaruhusu", wala wa "yalikuwa mafuta ya CBD", ile kemikali ya bangi isiyolewesha.

Ukiwa na bidhaa hizi, zifungie kwa kufuli. Juu ya kabati hapatoshi. Mtoto akila, usimtapishe, na maziwa acheni kabisa: hayaondoi THC, na mafuta husaidia mwili kuinyonya. Asipoamka, akitetemeka mwili au akipumua kwa shida, piga 911. Vinginevyo pigia kituo cha sumu, 1-800-222-1222, bure, saa 24. Sema neno moja, "Swahili", usikate, mkalimani ataunganishwa. Tutauliza umri, uzito, alikula nini, kiasi gani, saa ngapi. Hatuulizi hati zako za uhamiaji. Uwe na mfuko mkononi, hata kama umekwisha kutupwa kwenye taka, maana tutakuomba utusomee namba iliyo kabla ya herufi "mg".